Semina Haizuii Damu

Kila taarifa ya vifo vya wajawazito, iwe imeandikwa na halmashauri ya wilaya, shirika la misaada au mkutano mkubwa wa Geneva, ina sentensi isiyokosekana karibu na mwisho: elimu itolewe kwa jamii. Huja kama amina baada ya dua. Hakuna anayeipinga, wala hakuna anayeuliza ni elimu ipi, ya nini na kwa nani. Mama amefia leba kwa kutokwa damu, benki ya damu ilikuwa tupu, gari la wagonjwa lilikuwa gereji, mtu wa kutoa dawa ya usingizi alikuwa likizo, na bado wajumbe wa kikao wanakubaliana kwa kauli moja kwamba jamii ielimishwe.

Chini ya sentensi hiyo kuna imani nzima. Mwanamke wa Kiafrika anakufa kwa sababu hajui. Hajui dalili za hatari, anachelewa kliniki, anamsikiliza mama mkwe, anakunywa mizizi, anamkimbilia mkunga wa jadi. Basi afundishwe. Ndiyo maana tumepata mabango, fulana, vipeperushi, kanga zenye ujumbe, michezo ya redio, mabonanza ya wilaya na semina zisizo na idadi, ambazo chai ya saa nne na posho ya nauli hula sehemu nono ya bajeti. Imani hiyo ina makosa, tena makosa yanayogharimu roho za watu, kwa sababu kila mwaka inaelekeza fedha pasipo na tatizo na lawama kwa asiye na uwezo wa kulitatua.

Tuanze na huyo mama anayesemwa kuwa hataki kwenda. Tanzania hufanya utafiti wa kitaifa wa afya na demografia kila baada ya miaka kadhaa. Ule wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 98 ya wanawake waliojifungua walihudhuria kliniki angalau mara moja. Tisini na nane. Hata Simba na Yanga wakijumlishwa hawajapata kukubalika kiasi hicho. Pepopunda ya watoto wachanga, iliyokuwa ikimaliza vichanga kwa siku chache, ilitangazwa kudhibitiwa Tanzania mwaka 2012, na silaha kubwa ilikuwa sindano walizochomwa akina mama hao hao wanaosemwa kuwa hawaelewi. Waliambiwa waje wachanjwe, wakaja.

Wakaja na kuzalia vituoni pia. Katika utafiti wa 2010, nusu ya uzazi wote ulifanyika kwenye vituo vya afya. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 63. Wa 2022, asilimia 81. Sasa tazama kilichotokea upande wa vifo. Makadirio ya 2010 yalikuwa vifo 454 kwa kila vizazi hai 100,000. Ya 2015-16 yalikuwa 556. Ni kweli takwimu za namna hii hupatikana kwa kuwauliza watu habari za dada zao waliofariki, na zina mapana makubwa ya kukosea, kwa hiyo haifai kusema vifo viliongezeka. Lakini mtu yeyote anayezisoma kwa haki hawezi kusema vilipungua. Wanawake wengi zaidi walitii, wakapanda pikipiki usiku na kufika walikoambiwa wafike, na kipimo cha vifo hakikushuka hata chembe.

Jambo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Mwaka 2005 India ilianzisha mpango uitwao Janani Suraksha Yojana, wa kuwalipa fedha wanawake maskini ili wazalie hospitali. Walikuja kwa mamilioni. Watafiti walipolinganisha maeneo ambako mpango ulishika kasi na yale ambako ulisuasua, hawakuona vifo vya akina mama vikipungua kwa kadiri ileile. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Kilichokuwa ndani ya mlango hakikubadilika.

Anayeshikilia kwamba elimu ya mama ndiyo dawa anapaswa kuieleza Uingereza ya miaka ya 1920 na 1930. Nchi tajiri, yenye reli, magazeti kila asubuhi, shule za lazima na kliniki za wajawazito zilizokuwa zikifunguliwa mji baada ya mji. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vikishuka. Vifo vya akina mama vilikuwa vimegota palepale, zaidi ya 400 kwa kila vizazi hai 100,000, kiwango kinachokaribiana na cha Tanzania ya 2010. Mwanahistoria Irvine Loudon, aliyezichambua kumbukumbu hizo kwa subira ya ajabu, alikuta jambo linalowatatiza wapenzi wa semina: wake za matajiri na wasomi hawakuwa salama kuliko wake za vibarua. Walikuwa katika hatari iliyozidi kidogo, kwa kuwa walimudu kumwita daktari binafsi, naye daktari aliingia na haraka zake na koleo lake.

Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1930, vifo vikaporomoka. Je, wanawake wa Kiingereza walielimika ghafla? La. Leonard Colebrook, katika hospitali ya uzazi ya Queen Charlotte's jijini London, alijaribu dawa mpya ya Prontosil kwa wazazi wenye homa ya uzazi, na wengi wakapona. Ikafuata dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, damu ya kuongezewa, penisilini, na upasuaji uliofanywa kwa usafi na usingizi wa uhakika. Kufikia 1950 kiwango kilikuwa chini ya 100. Mama ni yuleyule, na mama mkwe ni yuleyule. Kilichobadilika ni mkono uliompokea.

Kama hiyo haitoshi, yupo shahidi mwingine kutoka Marekani, ambaye namwona kuwa mzito kuliko wote. Katika jimbo la Indiana kulikuwa na kundi la dini lililoitwa Faith Assembly. Waumini wake walikuwa Wamarekani wa kawaida: walisoma shule, walikula vizuri, walikuwa na maji ya bomba, magari na barabara za lami. Jambo moja tu waliliacha, nalo ni huduma za hospitali, uzazi ukiwemo. Watafiti walihesabu vifo vyao vya uzazi kati ya 1975 na 1982 wakapata 872 kwa kila vizazi hai 100,000. Katika jimbo hilohilo, wanawake wengine walikufa kwa kiwango cha 9. Hakuna semina itakayompa mwanamke wa Kasulu au Turkana elimu, lishe na barabara za Indiana, na hata ikiwezekana, tunajua tarakimu itakayotoka pakikosekana mkunga mwenye dawa na chumba cha upasuaji.

Sababu yake iko ndani ya mwili wenyewe. Takriban mimba 15 kati ya 100 hupata tatizo kubwa, na hakuna ajuaye mapema ni zipi. Kwa miaka mingi wajawazito walipimwa urefu, wakaulizwa umri na idadi ya mimba, wakagawanywa katika wenye hatari na wasio na hatari. Mbinu hiyo ilishindwa kwa sababu wengi wa waliotokwa damu walikuwa kwenye fungu la salama. Mwaka 1997, wakuu wa harakati za uzazi salama walipokutana Colombo, walikiri hadharani kwamba kila mimba ina hatari yake. Damu inayomwagika baada ya kujifungua inaweza kummaliza mwanamke mwenye afya njema kwa saa mbili. Mfuko wa uzazi umekataa kujikaza; mishipa iko wazi. Mwambie mama huyo dalili zote za hatari kwa kichwa, aziimbe. Mfuko wake wa uzazi hausikii.

Sasa tuulize kinachoweza kusikika, na kwa nani. Mwezi Mei 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha zaidi ya wanawake 200,000. Chimbuko lake ni swali rahisi: mkunga anajuaje kwamba damu inayotoka imezidi? Jibu la miaka yote lilikuwa kwamba anakadiria kwa macho. Anatazama shuka, anatazama sakafu, anatazama pamba, anakisia. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu huo wa kawaida, karibu nusu ya akina mama waliotokwa damu kupita kiasi hawakugundulika. Ni asilimia 51 tu waliotambuliwa. Hawa hawakuwa wamekwama kijijini. Walikuwa kitandani, hospitalini, wakiwa na mtaalamu pembeni.

Watafiti walileta mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaotandikwa chini ya mama mara baada ya mtoto kutoka, damu ikakusanyika humo na kusomeka kama maziwa kwenye jagi. Damu ikifika kwenye alama, hatua zote zinachukuliwa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kuchunguza chanzo cha damu. Zamani hatua hizo zilikuja moja moja, kila moja ikisubiri nyingine ishindwe. Utambuzi ulipanda hadi asilimia 93. Na yakijumlishwa mambo matatu, yaani kutokwa damu kwa kiwango cha hatari, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu hiyo na kufa kwayo, yalipungua kwa asilimia 60. Sitini! Katika wanawake hao wote hakuna hata mmoja aliyehitaji kubadili tabia.

Asidi ya traneksamiki nayo ina historia ya kusikitisha. Iligunduliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na daktari mwanamke, Utako Okamoto, pamoja na mumewe, wakiwa na lengo hasa la kuwaokoa akina mama wanaotokwa damu. Madaktari wa uzazi wa mji wake hawakutaka hata kuijaribu. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa wanawake wapatao 20,000 ulipothibitisha mwaka 2017 kwamba alikuwa sahihi, Okamoto alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Tukitafuta watu wagumu wa kuelewa, wenye mila zisizobadilika, huenda tunatafuta upande usio wao.

Ushahidi wa pili ni wa nyumbani. Hospitali ya Haydom, iliyoko Mbulu mkoani Manyara, imekuwa kwa miaka mingi kitovu cha mradi wa Safer Births. Matokeo yake yaliyochapishwa mapema 2025 yalitoka katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walipewa vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto na vya kumsaidia kupumua, wakafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini kwa kutumia sanamu, na takwimu zao wenyewe zikarudishwa kwao wazijadili. Vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilishuka kutoka 240 hadi 60 kwa kila 100,000. Vifo vya watoto siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Mwaka 2013, utafiti mwingine katika hospitali nane za Tanzania ulikuwa umeonyesha kwamba kuwafundisha wakunga kumzindua mtoto asiyepumua katika ile dakika ya kwanza, kwa kifaa cha mkono kisichohitaji umeme, kulipunguza vifo vya saa 24 za mwanzo kwa asilimia 47.

Hapo mpinzani wangu atarukia: si unaona, elimu inafanya kazi! Inafanya, ndiyo. Lakini ilipelekwa leba, kwa mwenye mikono juu ya mama na mtoto, ikiambatana na kifaa, ikarudiwa mara kwa mara. Haikupelekwa chini ya mwembe kwa mwanamke ambaye mamlaka yake yanaishia pale anapopanda kitandani na kuvua kanga.

Hoja nzito zaidi ya wenzetu ni ile ya kuchelewa. Mama alichelewa kuja, wanasema, angekuja mapema tungemwokoa. Hoja hiyo hutegemea makala mashuhuri ya 1994 ya Sereen Thaddeus na Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia, waliogawa ucheleweshaji katika hatua tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika penye huduma, na kupata huduma baada ya kufika. Semina zetu zimekariri hatua ya kwanza zikasahau mbili zilizobaki. Tena zimesahau kiini cha makala yenyewe. Waandishi hao walieleza kwamba uamuzi wa nyumbani hutegemea kile ambacho watu wanajua kuhusu njia na kuhusu kituo. Familia huchelewa kuamua kwa sababu inajua barabara ikoje na hospitali ikoje.

Fikiria hesabu inayofanywa katika nyumba ya nyasi saa saba usiku. Nauli ya bodaboda usiku ni mara mbili au tatu ya mchana. Huduma ya uzazi inasemwa kuwa bure, na sera inasema hivyo, lakini kila mwanamke anajua begi linapaswa kuwa na nini: glavu, pamba, wembe, uzi wa kitovu, mpira wa kutandika, kanga tatu nne. Anayefika bila begi anajua maneno atakayopokewa nayo. Shangazi yake alifika mapema mwaka juzi akarudishwa nyumbani kwa kuambiwa njia haijafunguka. Jirani yake alipigwa kofi kwa kupiga kelele. Huyu anayesubiri kidogo aone kama uchungu ni wa kweli anazijua taarifa zote muhimu. Anazijua kuliko mwezeshaji wa semina, ambaye amekuja na gari na ataondoka nalo.

Majaji wameelewa jambo hili kuliko wataalamu wa mabadiliko ya tabia. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema ni kinyume cha katiba kuwazuia wazazi katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya kushindwa kulipa bili. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya kaunti mwaka 2013, miezi michache tu baada ya serikali kutangaza uzazi bila malipo. Mama huyo alikuwa amefanya kila alichoagizwa na mabango: alikuja hospitali. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba serikali ilivunja haki za wanawake kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi, katika kesi iliyofunguliwa tangu 2011 baada ya akina mama kufia ndani ya hospitali za umma. Mahakama hizo zilitazama kitanda, bili na mtumishi asiyekuwepo.

Wanawake wanapoondolewa kikwazo hawasubiri kushawishiwa. Mfumo wa Tanzania wa usafiri wa dharura uitwao m-mama ulianzia maeneo ya Shinyanga na Sengerema, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bure, mhudumu anauliza maswali, na kama ambulansi haipo karibu anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye serikali humlipa nauli. Mpango huu haumwambii mama awahi. Unamtumia gari. Na gari lazima liwe na pa kumpeleka. Kigoma, mkoa uliokuwa mbali na kila kitu, vituo vya afya vya vijijini vilijengewa vyumba vya upasuaji na kuwekewa madaktari wasaidizi waliofunzwa kufanya upasuaji wa kujifungua. Kulikuwa na waliokunja uso kwamba mtu asiye na shahada ya udaktari hawezi kushika kisu. Utafiti uliofanyika katika hospitali za wilaya za Tanzania na kuchapishwa 2009 ulikuta kwamba matokeo ya upasuaji wa uzazi wa madaktari wasaidizi hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari kamili.

Niwape wapinzani haki yao. Zipo dawa za mizizi zinazouchochea uchungu kwa nguvu za hatari, na kumwambia mama aziache ni jambo jema. Mtoto wa kike aliyesoma hulea watoto wanaoishi zaidi. Ukweli huo haukanushiki. Lakini John Caldwell, aliyeutangaza ukweli huo kwa utafiti wake wa Nigeria mwaka 1979, aliona kwamba nguvu ya shule haikuwa katika masomo ya usafi. Mwanamke aliyesoma alijua kudai: anamkabili nesi, anasikilizwa, anakataa kurudishwa. Anayetaka faida hiyo ajenge sekondari za wasichana na awaache humo miaka minne. Semina ya siku mbili haitoi mtu wa namna hiyo.

Na vikundi vya wanawake je? Kule Makwanpur, Nepal, utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha vifo vya watoto wachanga vikipungua kwa karibu theluthi moja pale wanawake walipokutana kila mwezi. Utafiti huo hunukuliwa kila mara kuitetea elimu ya jamii. Wachache husoma walichofanya wanawake hao walipokutana: walianzisha mifuko ya fedha ya dharura, wakatafuta machela, wakagawa vifaa safi vya kuzalishia. Walipoachiwa waamue wenyewe wanachohitaji, hawakuagiza mabango.

Ubaya wa imani hii hauishii kwenye fedha zilizopotea. Mtu akishaaminishwa kwamba mama ndiye tatizo, hatua inayofuata ni kumwadhibu. Katika baadhi ya vijiji vyetu zipo sheria ndogo za kumtoza faini anayejifungulia nyumbani, hata kama uchungu ulimkamata mto umefurika. Zipo kliniki zilizomrudisha mjamzito kwa kuja bila mume, akatakiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kuwa hana mwenza au kwamba mwenza yuko safarini. Mwanamke anayehitaji kupimwa presha anaambiwa akatafute muhuri! Na wakunga wa jadi, ambao mashirika ya kimataifa yaliwafundisha kwa wingi na kuwapa mikoba hadi miaka ya 1990, waligeuziwa kibao na kuitwa wauaji ilipoonekana vifo havipungui. Lawama siku zote huteremka. Siku hizi, ikimpita mama, humtua nesi wa zamu ya usiku, ambaye yuko peke yake na wazazi watano, wawili wakisukuma kwa wakati mmoja. Naye hupelekwa semina, ya lugha nzuri kwa wateja.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu inawafaa wengi. Semina ina picha, ina orodha ya mahudhurio, na inatoa ile takwimu tamu ya waliofikiwa. Chupa ya damu iliyokuwepo saa nane usiku haina sherehe. Bango haliwezi kushtakiwa Bungoma. Tayari mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine waliandika katika jarida la Lancet wakiuliza mama amekwenda wapi katika programu za mama na mtoto. Miaka miwili baadaye, Februari 1987, dunia ilikutana Nairobi kuzindua harakati za uzazi salama. Jibu lilijulikana hata wakati huo: huduma za dharura za uzazi. Uwezo wa kupasua, kuongeza damu, kuzuia kifafa cha mimba. Badala yake, mwongo mzima ulikwenda katika kuwafundisha wakunga wa jadi na kuwagawa wajawazito mafungu, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Sasa kuna hatari mpya. Utafiti wa 2022 wa Tanzania ulitoa makadirio ya vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, anguko kubwa kutoka 556, na Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akatunukiwa tuzo ya Gates Foundation. Tuwe waangalifu na tarakimu hizo. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Lakini hata kwa hiyo kubwa, vifo vimepungua sana, na nimeshaanza kusikia majukwaani kwamba ni kwa sababu wananchi wamehamasika. Walikuwa wamehamasika tangu zamani! Kilichofanyika kati ya utafiti wa 2015-16 na ule wa 2022 ni kwamba mamia ya vituo vya afya vilijengewa vyumba vya upasuaji, hospitali za wilaya zikaongezwa, na usafiri wa dharura ukaanza. Anayesoma mafanikio hayo kama ushindi wa mabango atapunguza kinachookoa na kubakiza kinachopendeza, na tangu mwaka 2025, Marekani ilipofunga mifereji yake ya misaada, suala la nini kipunguzwe limekuwa la kila wizara katika Afrika Mashariki.

Atasema mtu kwamba vyumba vya upasuaji ni ghali, semina ni nafuu. Si kweli kwa kila kitu. Mfuko wa kupimia damu ni plastiki. Oksitosini ni dawa ya bei ndogo ambayo inadai ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8 tu, na majokofu ya chanjo yenye ubaridi huohuo yamefika hata kwenye zahanati za mbali. Magnesiamu salfeti, ambayo tangu utafiti wa kimataifa wa 1995 inajulikana kuwa ndiyo dawa bora ya kifafa cha mimba, si dawa ya kifahari. Kilicho ghali kweli ni mshahara wa mkunga wa pili wa zamu ya usiku, na huo hauwezi kukwepwa kwa hila yoyote.

Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa kila mwaka kabla ya Julai, na madiwani huupitisha, wengi wao bila kuusoma. Humo mna kifungu cha uhamasishaji. Diwani akiweke kando, amwite mganga mkuu wa wilaya mbele ya baraza na kumuuliza kuhusu kituo cha afya kimoja tu cha kata yake: jana saa tisa usiku friji la damu lilikuwa na chupa ngapi, nani alikuwa zamu ya kutoa usingizi, na jenereta ilikuwa na mafuta kiasi gani. Akijibiwa kwamba wananchi wana uelewa mdogo, aulize tena maswali yaleyale.